Mtoto akiandika hadithi na wenzake, wasifu wa mhusika uwe na urefu gani?

WAPO watoto, hasa wanaoingia ujanani, wanaopenda kuandika hadithi kwa pamoja. Kila mmoja hujichagulia mhusika, huandika aya moja au mbili kwa niaba yake, kisha humpisha mwenzake aendeleze. Wengine hutumia daftari linalozunguka darasani, wengine simu. Mzazi akichungulia huona utani tu, lakini urafiki umewahi kuvunjika kwa ajili ya hadithi hizo.

Mara nyingi ugomvi huanzia kwenye wasifu, yaani karatasi anayoandika kila mtoto kabla hadithi haijaanza: jina la mhusika, umri, sura, tabia, ukoo na uwezo wake. Mmoja huandika mistari mitano, mwingine hujaza kurasa nne. Nani yuko sahihi?

Zilikotoka

Karatasi za namna hii zilienea kupitia mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika hupewa namba kwa mambo sita: nguvu, akili, busara, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Mwanzoni namba hizo zilipatikana kwa kurusha dadu, hivyo mchezaji hakuweza kujipendelea.

Lakini hadithi za pamoja ni za zamani zaidi. Mwaka 1826, kijijini Haworth, Uingereza, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell wanajeshi wa mbao. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne wakachagua kila mtu wake. Charlotte alimwita wake Duke wa Wellington, Branwell akamwita wake Bonaparte. Jina tu lilitosha kuanzia, na kutoka hapo wakabuni nchi nzima. Mwaka 1845, Emily na Anne wakiwa watu wazima, bado walijifanya wahusika wa nchi yao ya Gondal walipokuwa safarini kwenda York.

Faida zake

Wasifu mrefu hutunza kumbukumbu. Mama wa mhusika aliyezikwa mwanzoni hatakutwa sokoni akinunua nyanya baadaye.

Pia huleta haki. Udhaifu ukishaandikwa, hakuna atakayegeuka ghafla kuwa shujaa asiyeshindwa na lolote. Na mtoto mwenye haya hupata pa kuanzia, kwa kuwa anamjua mhusika wake kabla ya kuombwa aandike mbele ya wenzake.

Hasara zake

Siri zote zikitajwa mapema, hadithi haina tena cha kufichua. Wengine humaliza hamu yao yote kwenye wasifu, na zamu yao ikifika hawana neno.

Baya zaidi, karatasi hugeuka ukuta. Mwenzake akiandika kwamba mhusika huyo alilia, mwenyewe huja juu: "Wangu halii, nimeshaandika!" Hapo hadithi ya pamoja imekwisha, kwa sababu mhusika asiyekubali kuguswa na wengine hawezi kubadilika.

Kuna pia jambo la kumwangalia mtoto kwa makini. Anayejaza kurasa nne huishia kuazima maisha yake mwenyewe: jina la shule, mtaa anaoishi, hata magomvi ya nyumbani. Wenzake wakimcheka mhusika, anayeumia ni yeye, nao hawajui.

Mzazi afanye nini?

Usimnyang'anye daftari. Muulize maswali matatu: Mhusika wako anataka nini? Anaogopa nini? Hawezi nini? Majibu hayo, pamoja na jina, umri na sura kwa ufupi, yanatosha nusu ukurasa. Hayo ndiyo wenzake wanayohitaji ili waandike naye.

Mengine ayaweke kwenye daftari lake binafsi, ayatoe kidogo kidogo hadithi ikiendelea, na awe tayari kuyafuta mwenzake akileta wazo zuri zaidi. Mambo halisi ya shule na nyumbani yasiingie kabisa.

Na ukiona mhusika wake ana huzuni usiyoielewa, usimhoji kama polisi. Mwombe akusomee sehemu anayoipenda, nawe usikilize. Huenda akakueleza kupitia mhusika lile aliloshindwa kulisema kwa kinywa chake.