Studio ya Nyumbani (3): Kadi mpya ya sauti, ununue au ubaki na uliyonayo?

Maiki tulimalizana nayo wiki iliyopita. Kinachofuata mezani ni kile kisanduku kinachokaa kati ya maiki na kompyuta, ambacho wengi wetu tunakiita kadi ya sauti. Kazi zake ni mbili. Kwanza inaupandisha umeme mdogo mno unaotoka kwenye maiki, na kiasi cha kupandisha huko ndicho mafundi wanachokiita geini. Kisha inaugeuza umeme huo kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi. Unaposikiliza ulichorekodi, safari inakuwa ya kurudi: tarakimu zinageuka umeme na kwenda kwenye hedifoni au spika.

Anayeanza hana swali gumu, atanunua kinachouzwa. Anayeumwa kichwa ni yule ambaye tayari anayo, inafanya kazi, na sasa limetoka toleo jipya lenye namba kubwa zaidi kwenye boksi. Nichukue mfano mmoja ambao umeenea mno kwenye studio za chumbani: Scarlett 2i2 ya kampuni ya Focusrite ya Uingereza. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2011, la pili 2016, la tatu 2019, na la nne 2023, ambalo lilianza kuuzwa kwa takriban dola 200 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Swali letu leo ni la mwenye toleo la tatu: aliuze achukue la nne, au atulie?

Matangazo yanamwambia mambo mawili. Geini imepanda kutoka desibeli 56 hadi 69. Na upana kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya mashine yenyewe umepanda kutoka 111 hadi 120. Kwa macho ya mnunuzi hizo ni hatua kubwa, na desibeli 13 za geini si mchezo: ukizipiga kwa hesabu ya umeme, 56 ni kuzidisha mara 630 hivi, na 69 ni kuzidisha mara 2,800.

Sasa fungua karatasi ya vipimo ya kampuni hiyo hiyo, ile ambayo wengi wetu hatuisomi, na uangalie mstari unaotaja umeme mkubwa kabisa ambao tundu la maiki linaupokea nobu ya geini ikiwa chini kabisa. Toleo la tatu linapokea hadi 9 dBu, yaani desibeli za kupimia umeme. La nne linapokea hadi 16. Maana yake ni kwamba toleo jipya limeanzia kwenye geini ndogo zaidi, na linatumia desibeli 7 za kwanza kufika tu pale ambapo la zamani linaanzia. Toa 7 kwenye 13, unabaki na 6. Ukizungusha nobu zote mbili hadi mwisho na kusema neno lile lile kwa maiki ile ile, kadi mpya itakupa sauti yenye nguvu mara mbili ya umeme wa ile ya zamani. Ni faida ya kweli, lakini si ile uliyoiona kwenye boksi. Wala kampuni haijadanganya. Upana wa geini umeongezeka kweli kwa 13. Ila upana ni kitu kimoja, na mwisho wa safari ni kitu kingine.

Ile 120 nayo ina lake. Karatasi ile ile inaonyesha kwamba 120 ni ya upande wa kutolea sauti, yaani unaokwenda kwenye spika. Upande wa maiki, ambao ndio anaouhitaji mwimbaji au mtangazaji, ni 116. Bado ni zaidi ya 111. Lakini utazisikia hizo 5 wapi?

Tufanye hesabu ya chumba. Mtu anayezungumza kwa kawaida, mdomo ukiwa shubiri moja hivi kutoka kwenye maiki, anaifikishia sauti ya desibeli 75 au 80. Chumba chenye feni inayozunguka polepole, dirisha limefungwa, kina kelele ya desibeli 40 hivi. Tofauti ni desibeli 35 au 40, basi. Ongeza bodaboda inayopita, jogoo wa jirani, jenereta la dukani au mvua juu ya mabati, na hizo nazo zinapungua. Kadi yenye uwezo wa 111 na yenye 116 zote zitarekodi feni hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Na ile shiii inayosikika nyuma ya sauti ukipandisha geini sana? Hapo ndipo watu wengi wanapodhani kadi mpya itawaokoa. Kelele ya kikuza cha maiki kwenye toleo la tatu imeandikwa -128 dBu, na kwenye la nne ni -127. Kwa lugha nyingine hakuna kilichoboreshwa, na sababu si uvivu wa mafundi. Kinzani ya ohm 150, ambayo ndiyo hutumika kupimia, ikikaa tu mezani bila kuunganishwa na chochote, inatoa kelele ya takriban -131 kwa sababu ya joto lake lenyewe. Hakuna kiwanda kinachoweza kushuka chini ya hapo bila kuigandisha studio nzima. Desibeli tatu nne zilizobaki ndizo uwanja wote ambao wauzaji wa kadi za sauti wanagombania.

Mtu atasema: mimi ninatumia Shure SM7B, maiki inayojulikana kwa uvivu, je, sihitaji geini hizo? Maiki hiyo kweli inatoa umeme kidogo, kama milivolti 1.1 tu kwa sauti ya desibeli 94, wakati SM58 inatoa karibu 1.9. Kwa msemaji wa sauti ya chini, SM7B kwenye toleo la tatu itakulazimisha uizungushe nobu hadi karibu na mwisho, na bado mchoro wa sauti kwenye skrini utaonekana mwembamba. Usihangaike na wembamba wa mchoro. Ukirekodi kwa biti 24, unaweza kuipandisha sauti hiyo kwa desibeli 6 ndani ya programu baadaye na usipoteze chochote cha kusikika, kwa kuwa kelele iliyomo ni ya maiki, kikuza na chumba, nayo ingepanda vilevile kama ungetumia nobu. Toleo jipya linakuondolea kazi hiyo ndogo. Kama kazi hiyo inakukera kila siku, ina thamani. Kama hukujua hata kwamba ipo, haina.

Mahali ambapo toleo la nne limesogea mbele kweli ni kwenye urahisi wa kufanya kazi peke yako. Unabonyeza kitufe cha kujipangia geini, unaongea au kuimba kama utakavyorekodi kwa sekunde kumi, na kadi inajiwekea kiwango. Kipo pia kitufe kingine ambacho kikiwashwa kadi inaichunguza sauti muda wote na kushusha geini yenyewe kabla haijapasuka. Fikiria msomaji wa hadithi za redio aliyejifungia chumbani. Anasoma kwa upole kurasa tatu, kisha mhusika wake anapiga kelele. Kwenye kadi ya zamani nobu iliyowekwa kwa upole inapasua neno hilo na lazima lirudiwe. Kwenye mpya linapita. Mwenye fundi pembeni hana haja na vitufe hivyo.

Kuna pia mtindo uitwao Air, unaoipa sauti ung'avu, ambao umeongezewa ladha ya pili kwenye toleo jipya na una historia tamu. Focusrite ilianzishwa mwaka 1985 na Rupert Neve, na vikuza vyake vya ISA 110 vilibuniwa kwa ajili ya studio za AIR za George Martin, yule mtayarishaji wa Beatles. Air inajaribu kuiga ladha ya vikuza hivyo. Mimi siiwashi wakati wa kurekodi. Ung'avu huo unaweza kuuongeza baadaye kwenye programu, lakini ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni shida.

Mambo mawili madogo yanaweza kukukera ukishanunua. Matundu ya maiki yamehamishiwa nyuma, kwa hiyo anayechomeka na kuchomoa kila saa atakuwa anapapasa. Na toleo jipya linakula umeme zaidi. Ndiyo maana limewekewa tundu la pili la USB-C kwa ajili ya kompyuta ambazo mlango wake hautoi umeme wa kutosha. Kama laptopu yako ni ya zamani, weka kwenye bajeti chaja nzuri ya kulishia tundu hilo.

Kwa hiyo, msomaji wangu: kama huna kadi kabisa, na bei ya mpya na ya zamani dukani zinakaribiana, chukua mpya. Kama unarekodi peke yako, tena sauti inayopanda na kushuka ghafla, kuna sababu ya kubadilisha. Wengine wote wenye toleo la tatu lisilo na hitilafu, bakini nalo. Pesa hiyo ipelekeni kwenye mapazia mazito na magodoro ya ukutani, maana hapo mtasikia tofauti kuliko kwenye zile desibeli 5 za karatasini. Namna ya kuyapanga, na kwa nini blanketi haizuii besi, ndiyo makala ya wiki ijayo. Kabla ya hapo, rekodini dakika moja ya ukimya chumbani kwenu feni ikiwa imezimwa, na dakika nyingine ikiwa imewashwa, mzitunze. Tutazihitaji.