Kitufe cha kuzungusha: Je, kinalipa Ulyankulu?

WENYE studio ndogo za kurekodi nyimbo na kuhariri video katika Ulyankulu, Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, wana kila sababu ya kushika kalamu kabla ya kutoa fedha zao kununua kifaa ambacho makampuni makubwa ya kompyuta yanazidi kukiingiza sokoni. Kifaa hicho ni kitufe cha kuzungusha, kinachokaa mezani kando ya kibodi, na ambacho mwenyewe hukipangia kazi ya kufanya.

Kifaa si kibaya. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kuwa faida yake haitoki ndani ya kifaa chenyewe, bali katika foleni ya wateja mlangoni. Pasipo foleni, dakika zinazookolewa hazina mnunuzi.

Kinavyofanya kazi

Kwa umbo, kitufe hiki hakitofautiani sana na kile cha kuongezea sauti kwenye redio. Tofauti iko ndani. Kitufe cha redio ya zamani kina mwanzo na mwisho, wakati kile cha kompyuta huzunguka bila kikomo. Kila kinaposogea hatua moja hutoa ishara mbili za umeme zinazopishana kidogo. Kwa kuangalia ipi imetangulia, chipu ndogo hutambua kama mkono umezungusha kulia au kushoto, kisha huipasha kompyuta habari kama ambavyo kibodi hufanya herufi inapobonyezwa.

Kwa sababu hiyo kitufe kimoja kinaweza kupewa kazi nyingi: kupandisha na kushusha sauti, kusogeza video picha moja mbele au nyuma, kukuza ramani, au kufuta kosa la mwisho. Aina nyingi hubonyezwa pia, hivyo kubonyeza nako kunaweza kupangiwa kazi yake.

Jambo lenyewe si geni. Mchezo wa Pong uliotolewa na Atari mwaka 1972 ulichezwa kwa vitufe vya kuzungusha. Mwaka 2001 kampuni ya Griffin ya Marekani ilitoa PowerMate, kitufe cha alumini cha kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Microsoft ilitangaza Surface Dial mwaka 2016 kwa bei ya dola 99.99. Elgato ilifuata mwaka 2022 na Stream Deck +, yenye vitufe 4 vya kuzungusha, na Logitech mwaka 2024 na MX Creative Console. Vyote viwili vilitoka kwa dola 199.99. Hizo ni bei za Marekani. Mnunuzi wa Tabora hana budi kuongeza gharama za usafiri na kodi.

Mteja ni nani?

Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Uchumi wake unategemea kilimo, hasa tumbaku na mahindi, pamoja na asali. Lakini kwa wapenzi wa nyimbo za injili, jina la Ulyankulu lilisambaa kwa sauti: Kwaya ya Barabara ya 13 imelifikisha jina hilo mbali sana na mipaka ya Tabora.

Kwa maana hiyo, kazi ya kurekodi kwaya haihitaji kufundishwa upya mahali hapa. Na ndiyo kazi inayokifaa kitufe hiki. Fundi anayesawazisha sauti ya kwanza na ya nne hafanyi kazi ya kuandika. Anafanya kazi ya kuongeza kidogo na kupunguza kidogo, akisikiliza. Kwa kipanya, analazimika kulenga alama ndogo kwenye kioo na kuiburuta, macho yakiwa huko. Kwa kitufe, mkono unafanya na sikio linabaki kwenye wimbo. Hali ni hiyohiyo kwa anayehariri mkanda wa harusi na kutafuta mahali hasa pa kukata.

Kwa upande mwingine, duka la steshenari linaloishi kwa kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza fomu halina kazi ya kukipa kitufe hicho. Herufi hazizungushwi. Mwenye duka la namna hiyo akikinunua, atakuwa amenunua pambo la meza.

Hesabu ya msimu

Chukua mfano wa studio inayotoza Sh. 50,000/= kwa kazi moja inayochukua saa 5. Chukua pia kuwa kitufe kinapunguza nusu saa katika kila kazi, na kuwa dola moja inabadilishwa kwa Sh. 2,500/=. Takwimu hizi ni za mfano tu; kila mwenye studio aweke zake.

Soko la tumbaku hufunguliwa baada ya mavuno, kwa kawaida kuanzia Aprili na Mei. Mkulima akishalipwa, harusi zinapangwa, kwaya zinachangishana fedha za kurekodi, na studio inapata foleni. Tuseme foleni hiyo inadumu wiki 12, kwa kazi 4 kila wiki. Hizo ni kazi 48, na muda uliookolewa ni saa 24. Kwa kuwa kila kazi sasa inachukua saa 4 na nusu, saa hizo zinatosha kazi 5 za nyongeza, yaani Sh. 250,000/=.

Kitufe cha dola 100 nacho kinagharimu Sh. 250,000/= kabla ya usafiri na kodi. Kwa maneno mengine, msimu mmoja mzuri haukirudishi chote. Malipo ya tumbaku yakichelewa, foleni inachelewa nayo, na deni la kitufe linavuka hadi mwaka unaofuata.

Miezi ya kilimo ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Wakati huo fedha ziko kwenye mbolea na vibarua, na studio inaweza kukaa siku kadhaa bila mteja. Fundi aliyemaliza kazi nusu saa mapema anakwenda kukaa kibarazani. Amepumzika, lakini hakuingiza hata senti.

Njia ya bei nafuu

Ipo njia nyingine ambayo mafundi redio wa mjini Tabora na vijana wenye ujuzi wa kulehemu waya wangefaa kuitazama. Kitufe kinaweza kuundwa. Ubao mdogo wa kompyuta wa Raspberry Pi Pico ulianza kuuzwa mwaka 2021 kwa dola 4. Ukiongezewa swichi ya kuzunguka, waya wa USB na kasha, na programu zinazopatikana bure, kazi inakwisha. Hata kama gharama zote zitafika dola 15, hiyo ni Sh. 37,500/= kwa mfano uliotumika hapo juu. Kazi moja tu ya nyongeza inakirudisha na chenji inabaki.

Aidha, kitufe cha kuundwa kina usalama ambao cha dukani hakina kila mara. Vifaa vingine vya bei kubwa hutegemea programu ya mtengenezaji. PowerMate ya Griffin ilikwisha kuacha kutengenezwa, na mwenye kifaa kama hicho hubaki akitegemea programu za watu wengine kila kompyuta inapobadilishwa. Kitufe kinachojitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida hakina shida hiyo, kwani hakuna kompyuta isiyoielewa kibodi.

Hasara zake nazo zisifichwe. Hakina dhamana, kasha lake huenda lisipendeze, na fundi asiyejua kukipanga atamrudisha mteja mara 3. Mwenye studio akubaliane na fundi mapema kuhusu matengenezo, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kifaa kufanya kazi wiki nzima.

Fundisho la shanga

Wafanyabiashara wa njia hii wana fundisho la zamani. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 wakati mji ukiitwa Kazeh, alieleza jinsi misafara kutoka pwani ilivyobeba shanga za aina nyingi, na jinsi kila nchi ya bara ilivyokuwa na rangi inayoipenda. Shanga zisizokuwa na soko zilikataliwa, hata kama zilikuwa nzuri machoni na zilibebwa kwa mabega kutoka Bagamoyo. Mwenye mali ndiye aliyebaki nazo.

Mizigo sasa inakuja kwa reli na lori, lakini kanuni haijabadilika: bidhaa hupimwa kwa haja ya mahali inapofikia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye studio wa Ulyankulu anaweza kuanza na daftari la bei ndogo kuliko kitufe chochote. Kwa msimu mmoja aandike vitu viwili tu kila siku: saa alizotumia katika kila kazi, na wateja aliowarudisha kwa kukosa nafasi. Ikiwa safu ya pili imejaa, akiunde kitufe, na baadaye afikirie kile cha dola 100. Ikiwa safu hiyo ni tupu, fedha yake ibaki mfukoni, au atafute kwanza namna ya kuleta wateja.