"Mtoto" wa nyumbani na "mtoto" wa karatasi za visa

Katika makanisa yetu ya Kivu kuna jamaa zinazongojea kuitwa Kanada na mume, mke au mzazi aliyetangulia. Wengi wanakuja kwa mchungaji kuomba barua ya kuhakikisha ujamaa wao. Barua hiyo inaweza kusaidia dosie, inaweza pia kuiharibu, na mara nyingi neno linaloiharibu ni moja tu: "mtoto".

Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na mama mdogo ni mama. Hakuna uongo ndani yake, ndivyo tulivyolelewa. Lakini sheria ya Kanada ikiuliza mtoto, inamtaka yule uliyemzaa au uliyepewa na tribinali kuwa wako kisheria, ambaye hajafikisha miaka 22 na hana mume wala mke. Ukimwandika mtoto wa marehemu ndugu yako kama wa tumbo lako, na ukweli ukaonekana, utahesabiwa kuwa umedanganya. Adhabu yake ni kufungiwa mlango kwa miaka 5.

Kinachohuzunisha ni kwamba pengine uongo huo haukuhitajika. Sheria hiyo hiyo inamruhusu raia au mkaaji wa kudumu wa Kanada kumdhamini ndugu yake, mtoto wa ndugu yake au mjukuu wake aliye yatima, kama hajafikisha miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Ila yatima ni aliyefiwa na baba na mama, wote wawili. Baba aliyepotea tangu vita hahesabiwi kuwa amekufa. Basi vyeti vya kifo vinatakiwa, na sisi huku tunazika, tunalia, tunarudi nyumbani bila kupita kwenye ofisi ya eta sivili.

Jambo lingine ni kunyamaza. Anayeomba kuhamia Kanada anapaswa kutaja mke au mume na watoto wake wote, hata wasiosafiri, hata yule aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye nyumbani hatajwi. Mtoto ambaye hakutajwa wala kupimwa wakati ule, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye. Mwaka 2019 serikali ya Kanada ilifungua nafasi ya muda kwa baadhi ya jamaa za namna hiyo, lakini nani atakaa akitegemea nafasi ya muda? Aibu ya siku moja mbele ya mke ni nafuu kuliko mtoto kubaki Uvira miaka yote.

Sasa vyeti. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inatoa siku 90 za kumtangaza mtoto aliyezaliwa. Zikipita, inabidi kutafuta hukumu ya tribinali ili cheti kiandikwe. Hukumu hiyo ni halali kabisa. Lakini kama imetoka mwezi mmoja kabla ya kuomba visa, mkaguzi atajiuliza maswali, na ndiyo sababu karatasi za zamani zina nguvu: kadi ya chanjo, biletini za shule, karatasi za HCR kwa waliokimbia, picha, risiti za pesa zilizotumwa.

Kitabu cha ubatizo ni mojawapo ya hizo, maana kiliandikwa wakati hakuna aliyefikiria visa. Mchungaji anakili kilichoandikwa humo, anaweka tarehe ya leo chini ya sahihi yake, basi. Asirekebishe mwaka ili mtoto awe mdogo. Cheti cha ndoa ya kanisa nacho ni ushuhuda tu. Mbele ya serikali ya Kongo, ndoa ni ile iliyoandikwa eta sivili.

Majina yetu pia yanawachanganya wageni. Kwa Wanande, kijana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Kwa hiyo baba Kambale ana mwana Paluku, na mkaguzi aliyezoea jina la ukoo anaona watu wawili wasiohusiana. Mistari mitatu ya maelezo, ikiwekwa ndani ya dosie tangu mwanzo, inatosha.

Karatasi zikikosa kuridhisha, ofisi ya uhamiaji inaweza kupendekeza kipimo cha ADN. Ni njia ya mwisho, jamaa yenyewe inalipa, na laboratwari lazima iwe imekubaliwa na Kanada. Aliyejipima mapema popote anaweza kuwa ametupa pesa. Matokeo yanatakiwa kufikia asilimia 99.8. Kabla ya kukubali, mume na mke wazungumze faraghani, pamoja na mchungaji wakitaka, kwa sababu kipimo hicho kimewahi kumwambia baba habari ambayo mama alikuwa akiibeba peke yake.