Kisima Kimoja, Majirani Wengi

Kaskazi inapovuma, na vuli ikawa imepita bila ya kujaza mapipa, mitaa yetu ya Pwani hurejea kwenye kilio kile kile. Bomba halitoi. Mkokoteni wa maji hupita na madumu yake, na bei hupanda kadiri jua linavyozidi ukali. Kisima cha mtaa, ambacho siku za masika hakuna anayekitazama, huwa na foleni kabla ya adhana ya Alfajiri. Hapo ndipo maneno huanza: nani amechota mno, nani ametia pampu usiku, nani amefunga lango. Wanaosemana mara nyingi ni mama zetu na binti zetu, kwa kuwa wao ndio washikao ndoo. Lakini kamati ya kisima ikiketi, aghalabu majina yaliyomo daftarini ni ya wanaume watupu.

Wengi wetu hudhani kwamba kila kisima kina maji yake peke yake. Sivyo. Mvua inyeshayo juu ya mchanga na matumbawe ya Pwani hupenya chini, na maji hayo baridi, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Kwa hiyo anayevuta kwa pampu mchana kutwa hapunguzi kimo cha maji tu, bali huiita chumvi ipande, na ndoo ya jirani nayo huweza kubadilika ladha. Mji wa Lamu hunywa kutokana na visima vilivyo karibu na vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huyachuja maji ya mvua na kuyahifadhi. Anayejenga juu ya vilima hivyo, au kuchota mchanga wake, amelitia mkono birika la mji mzima. (Na tusilisahau birika la nyumba za kale za Lamu, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu hawakuyaacha maji hata yakiwa yamekwisha kuingia ndani.)

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na akakataza kumnyima mtu maji yaliyozidi haja. Aliyekwisha kuyatia maji katika mtungi wake ni yake, na aliyechimba kisima katika ardhi yake hutangulia. Lakini kilichozidi hazuiliwi mwenye kiu, wala mnyama wake.

Kisa chenye mafunzo zaidi ni kile kilichopokewa na Imamu Bukhari. Zubeir bin Awwam (R.A.) aligombana na mtu mmoja wa Ansari juu ya mfereji wa kumwagilia mitende huko Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa la juu. Mtume (S.A.W.) alimwambia anyweshe, kisha amwachilie jirani yake maji. Yule Ansari akakasirika, akadai kuwa Zubeir amependelewa kwa kuwa ni mwana wa shangazi yake Mtume. Uso wa Mtume ukabadilika, naye akamwamuru Zubeir anyweshe na ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo, ndipo ayaachilie. Wanavyuoni wamelieleza hili vizuri: hukumu ya kwanza ilikuwa ya sulhu, iliyompunguzia Zubeir haki yake ili jirani apate wasaa. Ya pili ilikuwa haki kamili. Aliyeikataa sulhu ndiye aliyepoteza. Mara ngapi tumewaona majirani wakifikishana kwa chifu kwa jambo ambalo lingemalizwa barazani kwa saa moja?

Na wale wasemao kuwa mambo ya kisima si ya wanawake, tunawakumbusha Bi Hajar, mama yake Ismail (A.S.). Yeye ndiye aliyekuwa peke yake na mwanawe penye Zamzam wakati Wajurhum walipowaona ndege wakizunguka angani, wakajua kuwa pana maji. Walikuwa kabila zima, naye ni mwanamke mmoja na mtoto mchanga. Hata hivyo hawakumnyang'anya. Walimwomba idhini ya kukaa. Akawakubalia, kwa sharti kwamba hawatakuwa na haki ya umiliki katika maji yale, nao wakaridhia. Hivyo mji wa Makka ulianza kwa mapatano juu ya maji, na aliyeyaweka masharti alikuwa mama.

Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wetu tuna nasaba nao, wanagawana maji ya mifereji yao, aflaji, kwa zamu zilizopimwa tangu kale kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Maji ya kunywa hutangulia, mashamba hufuata. Sehemu nyingine za zamu ni wakfu, na mapato yake hutengeneza mfereji ukibomoka. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Nasi tuna njia yetu. Katiba ya 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo kazi yake ni kusimamia kwa ushirikiano na kusuluhisha migogoro. Mtaa haulazimiki kungoja afisa aje kutoka Mombasa au Nairobi ndipo uketi.

Tunapendekeza mambo machache kwa kamati za mitaa na za misikiti. Saa za pampu zikubaliwe na ziandikwe ubaoni. Ladha na kimo cha maji vipimwe kila wiki na kutiwa daftarini, maana chumvi haiji kwa siku moja. Nyumba ya mjane na ya mgonjwa itajwe kwa zamu yake mapema, isije ikaachiwa huruma ya foleni. Na kikao kisiwekwe baada ya Isha, wakati mama analaza watoto. Kiwekwe baada ya Alasiri, karibu na kisima chenyewe, na daftari lipitishwe upande wa kina mama pia ili waandike majina yao.