Gari ya Spidi Inashukaje Bei, na Ukiletewa Ubadilishane Uhesabu Vipi



Siku hizi karibu kila tangazo kwenye kurasa zetu lina maneno haya: "Tunabadilishana, unaongeza hela." Simu kwa simu, friji kwa friji, gari kwa gari. Ni njia nzuri ya kusukuma mzigo, maana hata mteja ambaye hana hela yote taslimu anaweza kununua. Ila ndipo mitaji mingi inapofia kimya kimya, kwa sababu kile unachopokea kinapangiwa bei kwa mapenzi ya mwenye nacho.

Mimi nauza magari yaliyotumika mtandaoni, hapa Dar. Leo tuchukue gari inayosumbua kuliko zote kuipangia bei: gari ya spidi. Mfano wetu ni Subaru Impreza WRX STI, ile yenye turbo na tundu la hewa juu ya boneti. Ukiiweza hesabu ya hii, ya simu na kamera haitakusumbua.

KWA NINI INASHUKA KWA NAMNA YAKE

Gari yoyote inashuka bei kwa umri, kilomita na uchakavu. Ya spidi ina mambo matatu ya ziada.

1. Wanunuzi ni wachache. Noah au Probox inatafutwa na mwenye duka, mwenye familia, mtu wa kusambaza mizigo. STI inatafutwa zaidi na vijana wanaoipenda, na wengi wao bado wanachanga. Ukiiposti unapata laiki nyingi sana, lakini laiki hazilipi. Kwa hiyo inakaa muda mrefu, na kukaa ni gharama.

2. Gharama zinamfuata mnunuzi. Injini ya EJ20 ina cc 1994 na turbo, na imepangwa kwa petroli ya oktani ya juu. Mkanda wa taimingi unabadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagonga pistoni, na hapo hatuongelei tena matengenezo madogo. Mnunuzi mjanja ameshaikata hiyo gharama kichwani kabla hajakuuliza bei ya mwisho.

3. Kila mtu anajua haikununuliwa itembee 50 kwa saa. Kwa hiyo ushahidi ndiyo bei. Kama gari ilitoka mnadani Japan, ilikuwa na karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake na kilomita zake. Alama 4 au 4.5 ni gari nzuri. Ukikuta R, maana yake iliwahi kupata ajali ikarekebishwa. STI mbili zinazofanana rangi na mwaka zinaweza kupishana mamilioni kwa sababu ya karatasi hiyo pamoja na risiti za fundi.

"MBONA HUKO NJE ZINAPANDA?"

Hili swali utaulizwa tu. Ni kweli, zipo zinazopanda. Marekani ina sheria inayolegeza uingizaji wa gari ikifikisha miaka 25. Nissan Skyline GT-R R34 zilianza kutengenezwa 1999, kwa hiyo za kwanza zilifikisha umri huo 2024, na wanunuzi wa Marekani walianza kuzigombania mapema kabla ya hapo. Subaru nao walipoiaga injini ya EJ20 walitoa toleo la mwisho la WRX STI, gari 555 tu. Vitu vikiwa vichache na wanaovitaka ni wengi, bei inapanda.

Lakini zinazopanda ni zile adimu, za kiwandani, kilomita chache, kumbukumbu zote zipo. Iliyobadilishwa ekzosi, springi zikakatwa na kompyuta ya injini ikachezewa haipo kwenye kundi hilo. Mteja akikuonyesha bei ya mnada wa Marekani, mwambie kwa heshima: "Boss, hii tunauza hapa hapa."

BEI YA HAPA INATOKA WAPI

Bei ya gari iliyotumika hapa nchini inafuata gharama ya kuagiza nyingine kama hiyo. Mnunuzi anajumlisha bei ya Japan, meli, ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18, na ile nyongeza ya umri, maana gari ikizidi miaka 8 inaongezewa ushuru, ikizidi 10 unapanda tena. Jumla hiyo ndiyo dari yako. Ukiipita, mtu anaagiza yake.

Halafu kuna namba. Soko letu linapenda kusema "hii ni namba D, hii ni namba E". Kumbuka herufi ile inaonyesha imesajiliwa lini Tanzania, haionyeshi imetengenezwa lini. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi. Usilipie herufi peke yake.

Jambo lingine: bei ya vitabu ni tofauti na bei ya soko. Kwa sheria yetu ya kodi ya mapato, gari ya biashara inapunguzwa thamani asilimia 37.5 kila mwaka ya kile kilichobaki. Gari ya milioni 20 inakuwa 12.5 mwaka wa kwanza, kama 7.8 mwaka wa pili. Hiyo ni hesabu ya kodi. Sokoni bado inaweza kuuzwa zaidi sana ya hapo.

HESABU YENYEWE

Mwaka jana nilipata mteja, kijana, ana STI, anataka Noah. Alikuwa anaanza kusambaza vinywaji madukani, kwa hiyo alihitaji gari ya mizigo pamoja na hela ya mtaji. Hoja yake ilikuwa hivi: "Kaka, nimeitoa bandarini kwa milioni 32 jumla, nikaweka rimu na ekzosi za milioni 6. Ichukue kwa 24, nipe Noah ya 14, unirudishie 10."

Mimi hapo siangalii 38 alizotumia. Hizo zimeshaondoka. Naanza na bei nitakayoiuzia, narudi nyuma:

- Zinazofanana nayo zimetangazwa 26. Bei ya tangazo ni matumaini. Nikiwapigia waliouza, hela iliyoshikwa mkononi ni 23.
- Toa mkanda wa taimingi, matairi mawili na sevisi: 1.8. Inabaki 21.2.
- Toa kuhamisha umiliki TRA, usafi na matangazo: 0.5. Inabaki 20.7.
- Toa ya dalali: 0.7. Inabaki 20.
- Toa kulala kwa mtaji miezi mitatu, maana hela hiyo ingezunguka kwenye gari ndogo: 1. Inabaki 19.
- Toa faida yangu: 2. Inabaki 17.

Kwa hiyo kwangu STI ni 17. Noah ni 14. Namrudishia 3.

Akasema kuna yadi imemwahidi 20. Nikamuuliza, "Noah yao bei gani?" Akasema 17. Sasa toa: 20 kutoa 17 ni 3. Ni ile ile! Wamepandisha ya kwake ili afurahi, wakapandisha ya kwao ili wasipoteze. Hii mbinu ipo kila mahali, kwenye simu ndiyo usiseme. Ndiyo maana nasema: uwe mnunuzi au muuzaji, uliza bei taslimu ya kila kitu peke yake, kisha angalia tofauti tu. Tofauti ndiyo hela halisi, mengine ni maneno.

Milioni 3 isingemtosha mtaji, na kule yadi asingepata zaidi. Nikamwambia ukweli: kubadilishana unalipia haraka. Kama unaweza kusubiri, uza taslimu mwenyewe. Rudisha rimu za kiwandani kama unazo, hizo za kisasa na ekzosi uza pembeni. Mnunuzi wa gari halipii mapambo yako, ila mwenye STI nyingine atayalipia.

Alisubiri miezi miwili. Gari iliuzwa 20.5 kama ilivyo, rimu na ekzosi 1.2. Jumla 21.7. Akaja kuchukua Noah yangu kwa 14 taslimu, akabaki na 7.7 za kununulia mzigo. Ni 4.7 zaidi ya ambavyo ningempa mimi. Na mimi nimeuza Noah bila kulaza mtaji wangu kwenye gari ya kusubiri mpenzi wake. Mteja huyo ameshaniletea wengine wawili.

KABLA HUJASEMA "LETE TUBADILISHANE"

- Kadi halisi uione, jina lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Gari nyingi kadi zake zimewekwa dhamana kwa wakopeshaji. Hakuna kadi, hakuna biashara.
- Fundi wako, siyo wake. Gari ipimwe kwa mashine, na ya turbo ipimwe na mgandamizo wa kila silinda. Moshi wa bluu ni mafuta ya injini yanaungua.
- Iwashwe ikiwa ya baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, jiulize kwa nini.
- Andikianeni mkataba wa magari yote mawili, kila moja na bei yake. Usiandike "tumebadilishana" tu.
- Jiwekee kiwango. Mimi sipokei gari inayozidi theluthi moja ya mtaji wangu, hata iwe nzuri namna gani. Ile STI ilizidi, ndiyo maana hata hiyo 17 niliitaja bila kuishabikia.

Wewe unayeuza simu, ngazi ni hizo hizo: anza na bei ya kuuzia tena taslimu, toa matengenezo, toa muda, toa faida, kinachobaki ndiyo ofa yako. Aliyetumia hela nyingi kwenye kitu chake anastahili heshima, lakini gharama zake haziwezi kuwa bei yako.

Kama umeletewa kitu cha kubadilishana na hesabu inakuchanganya, weka namba zako kwenye komenti, tuzipige pamoja.