Wazazi, Waambieni Watoto Maneno Yote Mawili

Je, una mtoto wa miaka 13 nyumbani mwako? Usiseme, “Angali mdogo.” Mwili wake unageuka, na kama wewe unanyamaza, wengine watamfundisha njiani.

Neno la kwanza ni kungoja. Mwambie bila aibu: kijana anayengoja hapati mimba kabla ya wakati wake, wala hapati kisonono, kaswende wala SIDA kwa njia ya kulala na mtu. Tena mtu ye yote asimlazimishe.

Lakini usikomee hapo. Vijana wengine hawangoji, nao ni watoto wetu vilevile. Neno la pili ni kujikinga. Kapoti hupunguza sana hatari ya magonjwa haya na ya mimba, ikitumiwa vema: mpya kila mara, isiyopita tarehe yake, isiyopakwa mawese wala mafuta mengine, maana mafuta huidhoofisha hata ikapasuka.

Wengine huogopa kwamba neno la pili litaharibu la kwanza. Sivyo. Wachunguzi katika nchi nyingi wameona kwamba vijana waliofundishwa yote mawili hawakuanza mapema kuliko wenzao.

Fahamu jambo hili pia: kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, nacho hujifunga chenyewe, huku ugonjwa ungali mwilini. Kijana anayeogopa wazazi wake hukificha. Yule anayewaamini huletwa hospitali mapema, naye huponywa kwa penisilini.

Je, mtoto wako atakuambia?