Panya Wakubwa: wa Kubuniwa na wa Kweli

Wagugunaji, yaani wanyama ambao meno yao ya mbele hayakomi kukua, wamepewa maumbo makubwa kupita kiasi na watunzi wengi, akiwemo Mwingereza H. G. Wells, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1904 aliwasawiri panya waliokula chakula cha ajabu wakawa tishio kwa watu. Kinyume chake, katika katuni za Marekani za Teenage Mutant Ninja Turtles, zilizoanza mwaka 1984, panya Splinter ni mwalimu mwenye hekima.

Mkulima wa Kiwira, wilayani Rungwe, ambaye viazi vyake vimefukuliwa na nungunungu, mgugunaji anayeweza kuzidi kilo 20, ataelewa upesi hofu ya Wells. Hata hivyo, panya buku, mwenye uzito wa kilo moja hivi na vifuko vya mashavuni vya kubebea chakula, anathibitisha upande wa pili: Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO, alinusa na kufichua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine, jumla yake zaidi ya 100, nchini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020, huku wenzake wa Morogoro wakinusa makohozi ili kugundua kifua kikuu. Wachoraji wetu wa katuni wanaye shujaa wa kweli, wamchore.